Filbert Bayi: Mwanariadha aliyeongoza tangu mlio wa bastola

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hupita Kiluvya, eneo ambalo sehemu yake imo katika Wilaya ya Kisarawe, kabla ya kuingia Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Kibaha ni mji wa shule. Tangu mwaka 1963, nchi za Nordic zilipoanzisha mradi ambao baadaye ulizaa Shirika la Elimu Kibaha, wazazi wengi wa Kitanzania wamelifahamu jina la mji huo kutokana na madarasa yake kuliko kitu kingine chochote.

Katika eneo la Mkuza mjini humo ipo shule ya sekondari yenye jina la mtu aliye hai. Wanafunzi wengi wanaovaa sare yake walizaliwa miongo mitatu na zaidi baada ya siku iliyolifanya jina hilo litajwe dunia nzima. Ukimwuliza kijana wa mjini leo Filbert Bayi ni nani, huenda akakujibu kwamba ni mwenye shule. Jibu hilo si kosa, ila limeruka sehemu kubwa ya habari.

Sehemu hiyo ni kwamba Bayi ndiye Mwafrika wa kwanza kushikilia rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500, na ndiye Mwafrika wa kwanza kushikilia rekodi ya dunia ya maili moja. Yote mawili aliyafanya kabla hajatimiza miaka 22, tena kwa namna ya kukimbia ambayo makocha wengi wa wakati ule waliiona kuwa ni ya kujiangamiza. Alitangulia mbele tangu bastola ilipolia, akawaachia wenzake kazi ya kumfukuza.

Bayi alizaliwa Juni 23, 1953 huko Karatu, katika Mkoa wa Arusha, nyanda zilizo mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, si mbali na bonde la Ngorongoro. Wanasayansi wa michezo wanaeleza kwamba mtu anayekulia mahali palipoinuka, penye hewa nyepesi, mwili wake huzoea kuitumia kwa uangalifu oksijeni iliyopo. Ndiyo sababu moja, japo si pekee, inayofanya wakimbiaji wakubwa wa Tanzania watoke Karatu, Mbulu, Hanang' na Singida, na si ukanda wa Pwani. Vilima vya Pugu, vinavyofika hadi Kisarawe mjini, ni vilima kweli kwa mtu anayevipanda kwa miguu, lakini urefu wake ni mita 300 hivi tu juu ya bahari.

Kijana huyo aliingia Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na mwaka 1972 alikuwa katika timu ya taifa iliyokwenda kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Munich, Ujerumani Magharibi. Alishiriki mita 1,500 na mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akatolewa katika hatua ya mchujo kote kuwili. Alikuwa na umri wa miaka 19.

Miezi michache baadaye mambo yaligeuka. Januari 1973, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, Nigeria, Bayi alishinda mita 1,500 mbele ya Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968 na mtu ambaye Afrika Mashariki nzima ilimhesabu kuwa mfalme wa mbio hizo. Majira ya joto ya mwaka huo huo mjini Helsinki, Finland, alianza mbio kwa kasi ya mtu anayekimbia mita 800, na watazamaji wakangoja aanguke. Hakuanguka. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.6, muda ambao wakati ule wanaume wachache mno duniani walikuwa wamewahi kuufikia.

Hapa inafaa kueleza kwa nini ukimbiaji huo uliwashangaza watu. Mbio za mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja. Desturi ilikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ipo, kwamba wakimbiaji huanza kwa kutegeana, kila mmoja akitafuta mgongo wa kujificha, kisha mita 300 za mwisho zinageuka kuwa mashindano ya kufyatuka. Anayekimbia nyuma hukingwa upepo na mwenzake aliye mbele, na pia haumizi kichwa chake kwa kupima kasi. Kazi hiyo anafanyiwa. Anayeongoza hupambana na upepo peke yake, hawaoni wapinzani wake, na huwa hajui ni lini watamjia.

Bayi alizigeuza hasara hizo kuwa silaha. Kwa kukimbia mizunguko miwili ya kwanza kwa kasi kali, aliwalazimisha wapinzani wachague moja kati ya mambo mawili yasiyopendeza. Wakimfuata, wanaimaliza ile nguvu waliyoiweka akiba kwa ajili ya mwisho. Wakimwacha, wanampa mita 20 ambazo lazima wazilipe baadaye. Katika mzunguko wa tatu yeye alipunguza kasi kidogo, akavuta pumzi huku wengine wakiteseka kuliziba pengo, halafu akaongeza tena mara walipomkaribia. Waliomwita mkimbiaji asiye na hesabu hawakuwa wameitazama saa vizuri.

Hesabu hiyo ilionekana wazi Februari 2, 1974 mjini Christchurch, New Zealand, katika siku ya mwisho ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Fainali ya mita 1,500 ilikuwa na John Walker na Rod Dixon, vijana wa nyumbani walioshangiliwa na uwanja mzima, pamoja na Ben Jipcho wa Kenya, ambaye katika michezo hiyo hiyo alikuwa ameshanyakua dhahabu katika mita 5,000 na katika kuruka viunzi na maji.

Bayi aliukata mzunguko wa kwanza kwa chini ya sekunde 55. Alifika mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52 hivi, akiwa ameacha pengo la karibu mita 20. Mzunguko wa tatu ukawa wa sekunde 58 na ushei, na kundi likaanza kumrudia. Walipoingia mita 100 za mwisho Walker alikuwa amebakiza hatua chache amfikie, na uwanja ulikuwa umesimama. Bayi aligeuza shingo, akamwona, akaongeza mwendo. Alikata utepe kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Ile ya zamani, 3:33.1, iliwekwa na Mmarekani Jim Ryun mwaka 1967.

Walker naye aliivuka rekodi ya Ryun kwa muda wa 3:32.52, akatoka uwanjani na medali ya fedha. Jipcho alikuwa wa tatu, Dixon wa nne. Wapo waandishi wa riadha wanaoziita mbio hizo kuwa ni bora kuliko zote zilizowahi kukimbiwa katika umbali huo, na hata asiyetaka kwenda mbali kiasi hicho atakubali kwamba ni nadra sana rekodi ya dunia kuwekwa katika fainali ya mashindano makubwa na mtu aliyeongoza mwanzo hadi mwisho bila msaada wa mtu wa kumvuta. Katika mashindano ya siku hizi ya kutafuta muda, wakimbiaji hulipiwa watu wa kuwaongoza, na taa ndogo za pembeni mwa uwanja huwaka kuonyesha kasi inayotakiwa.

Mwaka uliofuata, Mei 17, 1975, Bayi alikuwa mjini Kingston, Jamaica, katika mbio za maili moja. Miongoni mwa waliomfukuza siku ile walikuwamo Marty Liquori wa Marekani na kijana wa Ireland, Eamonn Coghlan, ambaye mwaka 1983 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Walimaliza wa pili na wa tatu. Bayi alitumia dakika 3 na sekunde 51.0, akiipunguza rekodi ya Ryun kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Rekodi hiyo haikudumu hata miezi mitatu. Agosti 12, 1975 mjini Gothenburg, Sweden, Walker alikimbia maili kwa 3:49.4, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50.

Kwa hiyo dunia ya riadha ilikuwa na hamu moja tu: Montreal, Canada, Julai 1976. Bayi mwenye rekodi ya mita 1,500, Walker mwenye rekodi ya maili, na medali ya dhahabu ya Olimpiki katikati yao.

Mbio hizo hazikufanyika. Timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini mwaka huo, wiki chache baada ya polisi wa makaburu kuwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa, ikisema raga haikuwa mchezo wa Olimpiki, na zaidi ya nchi 20 zikasusia. Tanzania ilikuwa miongoni mwao, wala isingewezekana iwe vinginevyo. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru wa kusini mwa bara hili walikuwa wakiishi na kufundishwa katika ardhi ya nchi hii. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuweza kuwahifadhi watu hao kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine ikapeana mikono uwanjani na waliocheza na watesi wao.

Gharama ya msimamo huo, hata hivyo, haikugawanywa sawasawa kwa Watanzania wote. Wengi wetu tuliusherehekea bila kupoteza chochote. Askari mmoja mwenye miaka 23, aliye katika kilele cha nguvu zake, ndiye aliyelipa. Walker alishinda dhahabu ya Montreal katika fainali ya mwendo wa pole, kwa muda wa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya ule Bayi alioukimbia Christchurch. Haimaanishi kwamba Bayi angeshinda. Inamaanisha tu kwamba fainali ile isingekuwa ya pole.

Mwaka 1978 alitetea ubingwa wake wa Afrika mjini Algiers, na katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Canada, alipata fedha katika mita 1,500, akipitwa na David Moorcroft wa Uingereza kwa sehemu ndogo ya sekunde. Agosti 1979 Sebastian Coe akaichukua rekodi ya dunia kwa muda wa 3:32.03. Rekodi ya Christchurch ilikuwa imekaa miaka mitano na nusu.

Ndipo Bayi alipofanya jambo ambalo bingwa wa kiwango chake si lazima alifanye. Aliurudia mchezo uliomshinda Munich: mita 3,000 za kuruka viunzi na maji.

Asili ya mbio hizo ni farasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752, katika Kaunti ya Cork nchini Ireland, waungwana wawili walipeana changamoto ya kupanda farasi kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, kilometa saba hivi, wakiulenga mnara wa kanisa na kuruka kila ukuta, ua na mtaro uliokuwa njiani. Mchezo ukashika, na baadaye wanadamu wakaamua kuuiga kwa miguu yao wenyewe. Ndiyo maana hadi leo mwanariadha wa mbio hizo huruka viunzi 28 vizito visivyoanguka, na mara saba hukutana na kiunzi chenye dimbwi la maji mbele yake.

Ireland hiyo hiyo imetoa pia mabingwa wa mbio za farasi za uwanja tambarare, zisizo na viunzi. Pat Eddery, mzaliwa wa Kaunti ya Kildare, alitwaa taji lake la kwanza la mpanda farasi bora wa Uingereza mwaka 1974, mwaka ule ule wa Christchurch. Alizaliwa mwaka mmoja tu kabla ya Bayi. Lakini Eddery aliendelea kushindana hadi mwaka 2003, akiwa na mataji 11 na ushindi 4,632 nchini Uingereza, kwa kuwa miguu inayochoka ni ya farasi, naye mpandaji hubaki na kazi ya kupima: lini atulie, lini aachie hatamu. Mkimbiaji ni farasi na mpandaji kwa pamoja. Akili ya Bayi ya kupima mwendo ingeweza kudumu miaka 30. Mapafu na magoti yalimpa miaka minane hivi.

Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 nayo ilisusiwa, safari hii na Marekani na washirika wake, kwa sababu ya jeshi la Urusi kuingia Afghanistan. Kenya ilikuwa miongoni mwa waliokaa nyumbani, na kwa hiyo Henry Rono, mwenye rekodi ya dunia ya viunzi, hakuwapo. Tanzania ilikwenda.

Katika fainali Bayi alifanya kile alichokijua. Alitoka mbele, akalivuta pengo hadi likafikia mita 30 na zaidi, akaruka kiunzi baada ya kiunzi akiwa peke yake kama mtu anayefanya mazoezi. Bronislaw Malinowski wa Poland, mzoefu wa mbio hizo, hakubabaika. Alikuwa akilipunguza pengo kidogo kidogo, na katika mzunguko wa mwisho, Bayi akiwa amekwisha, alimpita. Malinowski alitumia 8:09.70, Bayi 8:12.48, na Eshetu Tura wa Ethiopia akawa wa tatu kwa sekunde moja tu nyuma ya Bayi. Viunzi vinamwadhibu kiongozi aliyechoka kuliko uwanja mtupu unavyofanya: juu ya uwanja mtupu miguu mizito inapunguza mwendo, lakini mbele ya kiunzi kizito inamsimamisha mtu kabisa. Hata hivyo, bila kuongoza vile, ni vigumu kuona Bayi angepataje medali yoyote katika mchezo ambao hakuwa bingwa wake.

Katika michezo hiyo Suleiman Nyambui naye alipata fedha, katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hizo mbili ndizo medali pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki. Michezo 11 ya majira ya joto imepita tangu hapo, kuanzia Los Angeles 1984 hadi Paris 2024, bila nyingine.

Baada ya Moscow Bayi alikwenda kusoma elimu katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani, chuo ambacho pia kilimchukua Nyambui. Aliporudi alifanya kazi ya uongozi wa michezo, na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Kwa nafasi hiyo alikuwa mtu wa kuulizwa kila baada ya miaka minne kwa nini timu imerudi mikono mitupu. Swali hilo aliulizwa mtu aliyewahi kurudi na medali. Wengi waliouliza hawakuwahi kuchangia hata jozi ya viatu.

Pamoja na mkewe, Anna, alianzisha shule, kwanza Kimara, Dar es Salaam, katika miaka ya 1990, kisha Mkuza, Kibaha. Ni shule za masomo ya kawaida, si kambi za riadha, ingawa uwanja wa Kibaha umewahi kutumiwa na timu za taifa. Wapo wanaolalamika kwamba bingwa huyo angejenga kituo cha mbio huko Karatu au Mbulu, kwenye hewa nyepesi. Hoja hiyo ina uzito wake kisayansi. Lakini kituo cha aina hiyo ni wajibu wa nchi, na ni jambo la ajabu kumdai mstaafu mmoja kile ambacho wizara, vyama na wafadhili hawajakijenga kwa miaka zaidi ya 40.

Muda wa Christchurch uliendelea kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48. Walipita Coe, Steve Cram na vizazi kadhaa vya Wakenya, wote wakiwa na viatu bora na viwanja bora zaidi, na hakuna aliyeugusa katika michezo hiyo. Uliondoka Agosti 6, 2022 mjini Birmingham, Uingereza, pale Oliver Hoare wa Australia aliposhinda kwa 3:30.12. Siku hiyo Wakenya walilazimisha kasi kubwa tangu mwanzo, wakijaribu kuwachosha wafyatukaji. Kwa Tanzania, 3:32.16 bado ni rekodi ya taifa ya mita 1,500.

Septemba 15, 2025 mjini Tokyo, Japan, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na askari wa JWTZ kama Bayi, aliipa Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Ilikuwa marathoni, na Simbu hakuongoza. Alijificha kundini kwa zaidi ya saa mbili, akaingia uwanjani nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, na akamfikia kwenye mstari. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na mshindi akatambuliwa kwa picha.